Dubai panda treni, Oman kodi gari

Mfanyabiashara wa Kariakoo hanunui jora la kitambaa bila kulivuta, kulishika na kuuliza bei ya duka la pili. Mtu huyohuyo akienda Dubai kufuata mzigo, anakodi gari la siku tano kwa kuwa limempendeza kwenye simu, au anamlipa wakala wa tiketi dola 50 ili apokelewe uwanja wa ndege, safari ambayo kwa treni haifiki dola 3. Akirudi anatangaza kwamba Dubai ni ghali. Dubai haikumlazimisha.

Ninauza mapazia na vitambaa vya makochi Mtaa wa Congo. Mzigo wangu mwingi unatoka mtaa wa Deira, Dubai, na nikimaliza kununua huwa navuka kwenda Oman kuwasalimia ndugu wa upande wa mama walioko Muscat na Nizwa. Nchi hizo mbili, Oman na Emirati yenye Dubai, zimepakana na watu wake wanakaribiana kwa lugha, mavazi na chakula, lakini kwa anayetafuta usafiri wa bei nafuu zimepishana kabisa. Dubai, gari la kukodi ni hasara kwa msafiri aliye peke yake. Oman, asiyekodi gari ndiye anayekula hasara. Huo ndio msimamo wangu, na nitautetea kwa hesabu.

Wenzangu wengi huanza kwa kuuliza gari ni kiasi gani kwa siku. Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni mji umejengwaje, na la pili ni mko wangapi. Ukishayajibu hayo mawili, mara nyingi la tatu halina tena haja ya kuulizwa.

Tuanze na Dubai. Metro ya huko ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, na Njia Nyekundu ina vituo Terminal 1 na Terminal 3 za uwanja wa ndege. Inapita Deira kwanza, ndipo iendelee kuelekea Burj Khalifa na Marina. Anayekwenda madukani anashuka Union, anabadili kuingia Njia ya Kijani, na kituo kimoja mbele yuko Baniyas Square. Kutoka hapo soko la Naif ni mwendo wa miguu. Nauli kwa kadi ya Nol ya rangi ya fedha ni dirham 3 ndani ya kanda moja, dirham 5 kwa kanda mbili, na dirham 7.5 kwa zaidi ya hapo. Kadi yenyewe inauzwa dirham 25, na ndani yake mna dirham 19 za kusafiria. Inalipa metro, basi la mjini na tramu, na ukibadili chombo ndani ya nusu saa unahesabiwa safari moja. Mwenye mizunguko mingi akate tiketi ya siku nzima kwa dirham 20, apande na kushuka mpaka achoke. Kuvuka hori kwa abra, zile mashua za kutoka Deira kwenda Bur Dubai, ni dirham 1.

Hesabu za Dubai hazisumbui, kwa sababu dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirham 3.67. Kwa hiyo tiketi ya siku nzima ni kama dola 5 na nusu. Kuna hoteli za Deira ambako chupa tatu za soda chumbani zitakutoka zaidi ya hapo.

Treni hiyo ina masharti yake, na ni vema uyajue kabla hujafika. Siku nyingi za wiki huanza saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa sita usiku, Ijumaa husogea hadi saa saba, na Jumapili haianzi mpaka saa mbili asubuhi. Baadhi ya ndege za kutoka kwetu zinatua usiku wa manane, kwa hiyo angalia saa ya kutua kabla hujajiahidi metro. Abiria anaruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo. Kula au kunywa ndani ya behewa ni faini ya dirham 100, na mwanamume anayekutwa kwenye behewa la wanawake na watoto hulipa kiasi hichohicho. Wanaume wa kwetu husimama humo huku wakitazama simu, kisha hushangaa wanapoandikiwa karatasi. Mstari wa waridi umechorwa sakafuni, na hauhitaji kujua Kiarabu.

Ukitua usiku, au ukitua Terminal 2 ambako hakuna kituo cha metro, chukua teksi rasmi ya foleni. Mita yake huanza dirham 25 kwa safari inayoanzia uwanja wa ndege, kisha huongezeka kwa takribani dirham 2 kila kilomita. Mpaka Deira, ambako si mbali, unafika kwa bei isiyokaribia hata kidogo dola 50 za wakala. Mwanamke anayesafiri peke yake atazikuta teksi zenye paa la waridi zinazoendeshwa na wanawake. Wanaokunong'oneza "teksi, sista" pale mlangoni wapite tu. Mjini, programu tunazozijua hapa zinafanya kazi: Uber ipo miaka mingi, Bolt imeingia Dubai mwishoni mwa 2024, na kupitia Careem unaita teksi za kawaida za mji kwa jina la Hala.

Sasa tulichukue lile gari la kwenye simu. Tangazo linasema dirham 80 kwa siku, gari dogo, na bei za namna hiyo zipo kweli. Siku tano ni dirham 400. Kaunta wanakueleza kwamba bima iliyomo inakuachia mzigo mkubwa ukigonga, hivyo uongeze dirham 30 kwa siku ili ulale usingizi: 150. Jumla 550. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 inayotozwa Emirati tangu Januari 2018: dirham 27.5. Ukitoka barabarani unakutana na Salik, tozo ya barabara inayokatwa yenyewe unapopita chini ya lango. Ilianza 2007 kwa dirham 4, na tangu mwisho wa Januari 2025, siku za kazi saa za foleni, yaani asubuhi saa kumi na mbili hadi saa nne na jioni saa kumi hadi saa mbili, ni dirham 6. Ukipita mara mbili kwa 6 na mara mbili kwa 4, siku hiyo umeacha dirham 20, na kwa siku tano 100. Kampuni nyingi huongeza chao juu ya kila lango. Maegesho saa nne kwa dirham 4 ni dirham 16, siku tano 80. Petroli weka 80 nyingine.

Umefika dirham 837 na nusu, na hujapigwa tochi hata mara moja. Hizo ni takribani dola 228. Tiketi za siku nzima za metro kwa siku hizohizo tano ni dirham 100. Ongeza teksi ya usiku wa kutua na nyingine mbili za hapa na pale, bado hujafika theluthi ya gharama ya gari. Kwa tofauti hiyo mimi nanunua kitambaa cha kushonea mapazia ya sebule nzima ya mteja.

Najua hoja zinazokuja, kwa sababu nimezisikia zote dukani kwangu. Ya kwanza ni mzigo. Mzigo wa biashara haubebwi na mnunuzi. Duka linapeleka marobota ghalani kwa wakala wa usafirishaji, wakala anapakia kontena, na wewe unatembea na sampuli na risiti. Sijaona mtu aliyeingiza marobota kumi kwenye gari dogo la dirham 80.

Ya pili ni kwamba metro haifiki kila mahali. Ni kweli. Dragon Mart, ambako wauzaji wa taa, vigae na vyombo vya plastiki hupenda kwenda, haina metro bado. Njia ya Buluu itakayopita maeneo ya International City iko kwenye ujenzi na imepangwa kufunguliwa 2029. Mpaka hapo kuna basi la kadi ileile ya Nol, na kama mko watatu, gawaneni teksi. Safari moja ya teksi kwenda Dragon Mart si sababu ya kukodi gari wiki nzima.

Ya tatu haisemwi waziwazi, lakini ndiyo yenye nguvu: picha. Kuna vijana wetu wanaokodi gari jeupe la fahari, wapige picha mbele ya Burj Khalifa, kisha warudi kulipia kodi ya fremu kwa mkopo. Sina ugomvi na fahari ya mtu. Akitaka kupiga picha, apige, lakini asiiandike kwenye daftari la biashara kama gharama ya usafiri, kwa sababu bei yake itaishia kwa mteja anayenunua mita tatu za pazia la chumba cha watoto.

Hoja ya nne ndiyo ninayoikubali: familia. Baba, mama na watoto watatu si mfanyabiashara mmoja na begi lake. Hata hivyo, mjini Dubai mtoto aliye chini ya miaka mitano hupanda metro bila nauli, na familia inaweza kuzunguka wiki nzima bila gari. Gari linakuwa na maana siku ya kutoka nje ya mji. Chukua safari ya Abu Dhabi. Basi la kutoka Dubai, kutoka kituo cha Al Ghubaiba au Ibn Battuta, ni dirham 25 kwa mtu. Watano kwenda na kurudi ni dirham 250. Gari la siku moja, kwa bei zile zile, bima na kodi ni kama dirham 115. Mafuta ya kilomita 280 hivi ni dirham 55 au karibu na hapo, na tozo za barabara pande zote mbili tuseme 30. Jumla 200. Mkiwa watano gari linashinda, mkiwa wanne mnalingana, mkiwa wawili basi linalishinda gari kwa mbali. Kwa hiyo kodi siku hiyo moja, urudishe jioni au asubuhi inayofuata, usilipie gari linalolala mbele ya hoteli.

Atakayeendesha aelewe kwamba Emirati hakuna trafiki wa kuzungumza naye kando ya barabara. Kamera zinaandika, faini inakwenda kwa mwenye gari, mwenye gari anaikata kwenye kadi yako pamoja na ada yake ya kushughulikia. Kuzidisha mwendo kwa kiasi kisichozidi kilomita 20 ni dirham 300, kwa kisichozidi 30 ni 600. Kushika simu ni 800. Kupita taa nyekundu ni dirham 1,000, na gari linazuiwa siku 30. Dubai kamera huvumilia kilomita 20 juu ya kibao, ila Abu Dhabi iliuondoa uvumilivu huo 2018: kibao kikisema 140, basi ni 140. Wengi huvuka mpaka wa falme hizo mbili kwa mwendo uleule, na ujumbe wa faini unawakuta wakiwa wameshatua Dar. Kumbuka pia kwamba kule wanaendesha upande wa kulia na usukani uko kushoto. Mtu aliyezoea barabara zetu, aliyetoka kwenye ndege akiwa hajalala, aulize nafsi yake kwanza kama anataka kujifunza hilo katikati ya Sheikh Zayed Road.

Tuvuke mpaka sasa. Muscat haikujengwa kama Dubai. Mji umebanwa kati ya milima na bahari, umejinyoosha kutoka Muttrah na Ruwi, ukapita Qurum, Ghubra na Azaiba, mpaka Seeb na Mabelah. Hakuna treni ya abiria. Mabasi ya Mwasalat ni safi na yana kiyoyozi, na yanapita barabara kuu ya Sultan Qaboos, hivyo mtu aliyefikia Ruwi na mwenye shughuli za Ruwi anaweza kuyategemea. Lakini ndugu zetu wengi hawakai kandokando ya barabara kuu. Wako mitaani ndani, Al Khoud, Mawaleh, na basi likikushusha, kilomita mbili zilizobaki utazitembea kwenye jua ambalo Juni linapita nyuzi 40. Teksi za rangi ya chungwa na nyeupe huendeshwa na Waomani wenyewe, wengine wao Kiswahili chao kizuri kuliko changu. Uungwana wao mkubwa haubadilishi ukweli kwamba kila kituo ni nauli nyingine, na usipotumia programu ya OTaxi utaanza kwa kupatana.

Na mtu haendi Oman kukaa sehemu moja. Ukiwa na ndugu kule, kuna wa Seeb, kuna wa Nizwa, kuna aliyeolewa Ibra, kuna mzee wa Rustaq ambaye akisikia umefika na hukumpitia, habari zitatangulia kufika Zanzibar kabla yako. Kuwasalimia wote kwa teksi ni kumalizia fedha barabarani. Hapo ndipo gari la kukodi linapokuwa la bei nafuu.

Gari dogo Muscat, tuseme rial 10 hadi 12 kwa siku. Rial si dirham, msichanganye: rial moja ni dola 2.60, imefungwa hivyo tangu 1986. Kwa hiyo gari ni kama dola 26 hadi 31. Petroli ndiyo inayofurahisha. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali ya Oman iliweka kikomo cha bei, na lita ya petroli ya kawaida imekuwa baisa 229, karibu nusu ya tunayolipa Dar. Kutoka Muscat hadi Nizwa ni kilomita 160 hivi za barabara pana. Kwenda na kurudi ni 320, gari dogo linakunywa lita 22 au 23, unalipa rial 5 na senti zake. Mkiwa wanne, gari na mafuta kwa siku nzima ni rial 4 hivi kwa kila mtu, na njiani mnasimama Sumail au Birkat al Mouz mtakavyo. Kuna basi la Nizwa, na kwa mtu mmoja anayekwenda kulala wiki kwa shangazi yake, basi ni sawa kabisa. Kwa familia inayopita nyumba tano, halifai.

Oman nayo ina mitego, na inatofautiana na ya Dubai. Mtego wa kwanza ni kilomita. Mikataba mingi inakupa kilomita 200 au 250 kwa siku, zinazozidi zinalipiwa moja moja. Safari ya Nizwa peke yake imeshavuka kiwango cha siku hiyo, kwa hiyo uliza kama kilomita zinajumlishwa kwa siku zote za mkataba. Zikijumlishwa, siku mbili za kukaa mjini zinafidia siku ya safari. Salalah iko kilomita 1,000 kutoka Muscat. Usiende huko kwa gari la kilomita 200, panda ndege au basi la usiku.

Mtego wa pili ni Jebel Akhdar. Pale Birkat al Mouz kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilo na uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda. Ukifika na kigari chako watakurudisha kwa adabu. Kama mlima ndio unaokupeleka Oman, kodi gari la magurudumu manne siku hiyo tu, au mpande na mwenyeji mwenye gari lake.

Mtego wa tatu ni wadi. Mvua ikinyesha milimani, bonde lililokuwa kavu asubuhi linajaa maji mchana. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa kisheria Oman, na bima ya gari la kukodi haitakulipia ukisombwa. Binamu zangu huzima injini na kungoja, hata kama ni saa tatu. Mgeni afanye kama wao.

Baadhi ya watu huchukua gari Dubai kwa nia ya kuvuka nalo kwenda Muscat. Inawezekana, ila unahitaji barua ya idhini ya kampuni na bima inayotambulika Oman, na zote mbili zina bei. Kampuni nyingine hazikubali kabisa. Kwa wengi wetu ni nafuu kupanda basi la kuvuka mpaka, kisha kukodi gari ukishafika Muscat.

Pande zote mbili, kuna mambo manne ambayo mkodishaji hatakukumbusha kwa sauti kubwa.

La kwanza ni leseni. Leseni ya Tanzania au Kenya peke yake haimtoshi mgeni kuendesha Dubai. Unahitaji leseni ya kimataifa ya udereva, na hiyo hutolewa nyumbani kabla hujasafiri: Tanzania na Chama cha Magari, yaani AAT, Kenya na AA Kenya. Beba na leseni yako ya kawaida, kwa sababu moja bila nyingine haina kazi. Kuna tovuti zinazouza vijitabu vyenye jina hilohilo kwa dola chache bila kukujua wala kuona leseni yako. Siku ya ajali bima itavitupa, na utalipa gari la watu kutoka mfukoni.

La pili ni kadi ya benki. Wakodishaji wengi wanataka kadi ya mkopo ili wazuie dhamana, na sisi wengi tuna kadi za akaunti ya akiba. Anayefika na kadi ya akiba ama anakataliwa kaunta, ama anaacha fedha taslimu. Dhamana hairudi siku ya kurudisha gari. Inaweza kukaa wiki mbili hadi mwezi mzima wakisubiri faini zilizochelewa. Mfanyabiashara ambaye mtaji wake unazunguka kila wiki ajiulize kama dirham 1,000 zilizofungwa mwezi mzima ni sehemu ya bei au si sehemu. Mimi naona ni sehemu.

La tatu ni mafuta. Chukua mkataba wa kuchukua tangi limejaa na kurudisha limejaa. Ule wa kulipia tangi kabla, urudishe tupu, unamfaidisha mwenye gari, maana hakuna anayerudisha tangi tupu kabisa.

La nne ni mikwaruzo. Piga video ya gari lote kabla hujawasha: bampa mbili, rimu nne, kioo cha mbele, paa, viti, na dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta. Rudia hivyohivyo siku ya kurudisha, mkiwa wote wawili pale. Kuna kampuni ya Muscat, jina silitaji, iliyotaka kumtoza binamu yangu kioo kizima kwa alama ndogo kama punje ya mtama. Video ilionyesha alama ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na madai yakaisha palepale bila kelele. Bila video ingekuwa neno lake na neno lao, na kadi iko kwao.

Mtu atauliza, na China je? Wenzangu wa viatu na mikoba wanaelekea Guangzhou zaidi kuliko Dubai. Huko mjadala ni mfupi: China bara haitambui leseni ya kimataifa ya udereva, kwa hiyo leseni hiyo haimsaidii mgeni wa wiki mbili kujiendesha. Uwanja wa ndege wa Baiyun una metro, mitaa ya Sanyuanli na Xiaobei ina vituo vyake, na nauli huanzia yuan 2. Weka Alipay kwenye simu ukiwa bado nyumbani na uiunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard. Usiku, ita gari kwa Didi, na muombe mtu wa hoteli akuandikie anwani kwa herufi za Kichina.

Lawama zangu za mwisho hazimwendei msafiri peke yake. Mawakala wa tiketi wa Dar na Mombasa wanajua vizuri kwamba metro inaingia Terminal 3. Wanapouza mapokezi ya dola 50 kwa mama anayesafiri mara ya kwanza, waweke kwenye karatasi hiyohiyo nauli ya metro na mita ya teksi, halafu achague mwenyewe. Kuna wazee na wagonjwa wanaohitaji kupokelewa, na watalipa kwa moyo. Asiyehitaji asiuziwe hofu. Benki nazo zimweleze mteja anayekuja kufungua kadi kwa ajili ya safari kama kadi hiyo inakubalika kwa dhamana ya gari, badala ya kumwacha aligundue hilo kaunta ya ugenini saa nane usiku. Na jumuiya zetu za wafanyabiashara, ambazo kila mwaka hukaa kujadili ushuru na kodi, zingeweza kutoa karatasi moja ya Kiswahili yenye saa za metro, bei ya kadi ya Nol, mahali pa kupata leseni ya kimataifa na masharti ya mkataba wa gari. Haigharimu chochote zaidi ya wino.

Wewe unayesafiri mwezi ujao, kaa na kalamu kabla hujalipa popote. Andika unakwenda mtaa gani na mtaa gani, mko wangapi, na ndege inatua saa ngapi. Jumlisha gari pamoja na bima, kodi, tozo, maegesho, mafuta na dhamana, kisha weka pembeni nauli ya treni, basi na teksi. Ukiwa peke yako Dubai, gari litashindwa kila mara. Mkiwa wanne Oman, mkodi.